Dokta Haldane Haulizi

Nimezisoma jumbe zenu za wiki iliyopita. Mmoja kaniita mjinga kwa heshima zote, mwingine kaniita mjinga bila heshima yoyote. Nawashukuru nyote wawili, ila subirini kidogo, maana ujinga wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Kwa waliochelewa kuingia: mimi ni Corinne Guidry, na mwaka ule nilikuwa namaliza shule ya udaktari New Orleans. Nilitaka moyo. Tangu siku niliyoona kwenye skrini mshipa wa moyo wa mzee mmoja ukizibuliwa, damu ikarudi kupita, sikutamani kazi nyingine duniani.

Lakini huwi daktari wa moyo kwa kutaka. Kwanza unasomea ubingwa wa magonjwa ya ndani, miaka mitatu. Ndipo unaomba ubobezi wa moyo, na huko ndiko kwenye mkanyagano, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni wale wale waliokuwa wa kwanza darasani tangu chekechea. Kwa hiyo mwenye akili anachagua hospitali ya ubingwa huku jicho lake liko kwenye ubobezi.

Kuchagua kwenyewe ni hivi. Sisi tunazipanga hospitali, tunayoitaka zaidi mpaka ya mwisho. Hospitali nazo zinatupanga sisi. Kompyuta inatuoanisha, na ikishakuoanisha hakuna kukataa. Hospitali hairuhusiwi kukuuliza umeiweka ya ngapi, ila wewe ukitaka kusema kwa hiari yako, sema. Basi kila mwaka wanafunzi wanaandika kitu kama barua ya mapenzi, kwa hospitali moja tu: ninyi ndio wa kwanza wangu.

Mimi yangu nilimwandikia Dokta Prescott Haldane, mkuu wa mafunzo katika hospitali moja kubwa ya kaskazini. Jina la hospitali sitalitaja, mawakili nao wana watoto wa kulisha. Watu wake wote walioomba ubobezi wa moyo walipata, mwaka baada ya mwaka. Alinijibu kwa maneno mawili: "Nimepokea. Nitakumbuka."

Niliyaonea fahari maneno yale. Hapo ndipo tulipoishia.

*

Siku chache baadaye katibu wake, Bi Loretta, aliniandikia kwamba Dokta angefurahi nikija kutembea tena, baada ya ule usaili wa kwanza, kabla orodha hazijafungwa. Si lazima, alisema. Aliliandika mara mbili neno hilo, si lazima.

Nikakata tiketi siku hiyo hiyo.

Nilipokelewa vizuri mno. Walinikalisha mezani na madaktari watatu walioko mafunzoni, sendwichi za bata mzinga mbele yetu, kila mtu na tabasamu lake. Nikawauliza swali ambalo tulifundishwa kuuliza kila mahali.

"Niambieni ukweli, jamani. Kigumu cha hapa ni kipi?"

Wote watatu waliangalia sendwichi zao. Kisha yule wa katikati akacheka.

"Baridi tu!"

"Baridi tu," wakaitikia wenzake, nao wakacheka.

Nikacheka pia. Mtu wa Louisiana, kule kusini kwenye joto, ukimwambia baridi anaelewa haraka.

Baadaye nikakutana na dada mmoja kwenye ngazi, amebeba mafaili, macho mekundu ya mtu asiyelala. Huyo hakuwa mezani na sisi. Nikamuuliza swali lile lile.

"Baridi tu," akasema, na wala hakusimama.

Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka kwa mara ya kwanza. Nikajiambia, Corinne, acha mambo yako, pengine kweli ni baridi.

Bi Loretta alinipitisha kwenye ukumbi wenye picha za madaktari waliopita. Kila kundi lilipigwa picha mara mbili kwenye ngazi zile zile za mbele, siku ya kuingia na siku ya kuhitimu. Katika picha za kuingia walikuwa wamebanana mabega, wengine wamechuchumaa ili waenee. Katika picha za kuhitimu walisimama kwa nafasi, kila mtu na hewa yake.

Nikarudi nyuma nikaangalia kundi jingine. Hivyo hivyo. Na jingine.

"Bi Loretta, hawa wengine wako wapi?"

"Wapi, mpenzi?"

"Hawa. Wamo kwenye picha hii, kwenye ile hawamo."

Alitazama ukuta kana kwamba umetundikwa picha asubuhi ile.

"Walibadili mawazo kuhusu maisha."

"Wote?"

"Kahawa yako unapenda na maziwa?"

*

Dokta Haldane hakuwa na sura ya mtu wa kuogopesha. Mzee mwembamba, sauti ya chini, bakuli la peremende mezani. Alinikaribisha kiti mwenyewe. Aliniuliza habari za baba yangu kwa jina, Alcide, nami nikajiuliza nilimtaja lini.

"Corinne, mimi siulizi mtu ametuweka wa ngapi," alisema. "Sheria hairuhusu, na mimi naipenda sheria. Watu huniambia wenyewe."

"Ndiyo, Dokta."

"Na anayeniambia, namwamini. Sina sababu ya kutomwamini, au ninayo?"

"Huna, Dokta."

"Vizuri. Chukua peremende."

Simu yake ikalia. Nikainuka nitoke, akaniashiria nikae, akafungua spika. Kumbe kuna hospitali ya magharibi iliyopata nafasi moja ya ubobezi wa moyo ghafla, na waombaji wawili walikuwa watu aliowafundisha yeye. Wakubwa wa huko walitaka kumsikia.

Wa kwanza alipotajwa, Dokta Haldane alicheka kwa furaha ya kweli. "Huyo? Mchukueni leo, kabla sijamrudisha hapa kwa nguvu!"

Wa pili akatajwa, mmoja aliyehama pale kabla ya kuhitimu. Dokta akazungusha peremende mdomoni.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa hapa."

Upande wa pili wakasubiri. Mimi pia nikasubiri. Hakuongeza kitu.

"Alikuwa hapa," akarudia taratibu, akaaga, akaweka simu chini.

Kisha akanigeukia na tabasamu lile lile la kunikaribisha.

"Umenisikia nikisema neno baya?"

"Hapana, Dokta."

"Mimi sisemi mabaya ya watu, Corinne. Nimezeeka bila hiyo tabia."

Nilikaa pale na peremende yake ulimini, nimeshindwa kuimeza wala kuitema. Mtu alikuwa amezikwa mbele yangu, na jembe halikuonekana.

*

Wa kunipeleka uwanja wa ndege alikuwa daktari mmoja wa mwaka wa pili, Tobias Lindqvist, jitu refu lenye gari dogo lililojaa makopo ya soda na kiti cha mtoto mchanga nyuma. Theluji ilikuwa inaanguka. Alikuwa anaendesha kimya kimya, nami nikasema nivunje ukimya.

"Najua kigumu cha hapa. Baridi tu."

Hakucheka.

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Basi wamejifunza vizuri." Akapunguza redio. "Dada, unataka moyo, eti?"

"Tangu zamani."

"Mimi pia. Unajua kwa nini hapa hakuna aliyewahi kuomba moyo akakosa?"

"Kwa sababu ya Dokta Haldane. Simu zake."

"Kwa sababu hatuombi mpaka aseme ndiyo. Mwaka wa pili anakuita, anakupa peremende, anakwambia wewe moyo unakufaa, au wewe moyo haukufai. Akishasema haukufai, huombi. Na ukilazimisha, unaanza kupangiwa zamu juu ya zamu mpaka unaomba kuhama mwenyewe. Ndiyo maana rekodi yake ni safi. Wanaokosa wanaondolewa kabla ya kukosa."

Nikazikumbuka zile picha. Wale waliobanana, na wale waliobaki na nafasi.

"Na wewe alikwambiaje?"

Akanyoosha kidole gumba kwenye kile kiti cha mtoto.

"Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati. Nikaomba ruhusa nikae naye hospitali. Akanipa, akanipa vizuri kabisa, na maua akatuma. Niliporudi akaniita. 'Tobias, moyo hausubiri mtu, na wewe umeonyesha kwamba unajua kusubiri.' Basi. Yakaishia hapo."

"Mtoto je?"

"Mzima. Analia usiku kucha, tunamshukuru Mungu." Kwa mara ya kwanza alitabasamu, kisha tabasamu likazimika. "Sikiliza, dada. Tuweke wa mwisho. Au usituweke kabisa. Una hospitali nyingine?"

"Ipo ya kwetu nyumbani, Lafayette. Watu wazuri. Ila wanaopata moyo kutokea pale ni wa kuokoteza."

"Afadhali uokoteze."

Vifutio vya kioo vilikuwa vinakwenda na kurudi. Nilitamani nisiseme, lakini nilisema.

"Nimeshamwandikia kwamba yeye ni wa kwanza."

Tobias alikanyaga breki. Gari la nyuma likapiga honi, likatupita na matusi yake.

"Umemwandikia? Kwa maandishi?"

"Desturi si ndiyo hiyo! Kila mtu anaandika!"

"Wengine wanamwandikia mtu mwingine yeyote! Corinne, huoni? Yeye atakuweka juu kabisa kwenye orodha yake. Anafanya hivyo kwa anayeapa. Kisha kompyuta ikikupeleka kwingine, kuna sababu ngapi? Moja tu. Ulimweka nyuma. Ulimdanganya."

"Sasa kama nitakuwa Lafayette, atanifanya nini?"

"Kitu gani? Hatakufanya kitu. Miaka mitatu ikiisha utaomba moyo. Hao wanaochagua ni wanafunzi wake, au marafiki zake, au wanafunzi wa marafiki zake. Watampigia wamuulize, yule binti wa Louisiana aliyetaka kuja kwako, vipi?"

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimeshayasikia majibu kwa masikio yangu, na peremende mdomoni.

Nikienda kwake, ataamua kama moyo unanifaa. Nisipoenda, ataamua vile vile. Niliogopa, wasomaji wangu, niliogopa mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, na safari hii si kwa baridi.

Uwanjani Tobias alinishushia begi langu. Akaangalia huku na huku kama mwizi.

"Haya mazungumzo hayakuwepo," akasema.

"Hayakuwepo."

Nami naapa kwenu, sikumwambia mtu. Si rafiki, si mwalimu, si hata Baba.

*

Orodha zilikuwa zinafungwa Jumatano jioni, na mwaka ule ikaangukia Jumatano ya Majivu. Nilikwenda nyumbani. Sikutaka kufanya jambo lile peke yangu chumbani New Orleans, mitaa imejaa shanga na chupa za sikukuu ya jana yake, ile ya kula na kunywa kabla ya Kwaresima.

Asubuhi nilipita kwa Dokta Yolanda Fontenot, mkuu wa mafunzo wa Lafayette. Mama mnene, mcheshi, kiatu kimoja amekivua chini ya meza.

"Sitakudanganya, cher," alisema, kwa lile neno letu la Louisiana la kumwita mtu mpenzi. "Hapa wanaopata moyo, mwaka huu yupo, mwaka kesho hayupo. Ila sijawahi kumwambia mtu asiombe. Akiomba, karatasi zake nazibeba mwenyewe, mlango kwa mlango, mpaka wanichoke."

"Na kama kuna mtu mkubwa atanyamaza juu yangu?"

Nadhani alijua namsema nani. Nadhani wote wanajua.

"Basi mimi nitapiga kelele," akasema. "Ni kazi ninayoiweza."

Nilitoka pale mwepesi. Sikuwa mwepesi hivyo tangu Krismasi.

Baba alikuwa jikoni, amevaa aproni, msalaba wa majivu aliopakwa kanisani umemchuruzika na jasho mpaka juu ya pua. Siku ile hakuna nyama, kwa hiyo alikuwa anapika kamba wa mtoni kwa mchuzi mzito na wali, na kuimba vibaya. Mzee Alcide Guidry amefunga mitambo ya kiwanda cha sukari maisha yake yote, na haamini kitu chochote kisichoweza kufunguliwa kwa spana.

"Hebu nieleze tena," akasema. "Wewe unaitaka hospitali, hospitali inakutaka wewe, halafu mnaambiana kwa kompyuta?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilimwambia mama yako kwenye ngoma ya Jumamosi. Ilichukua dakika moja."

"Na alikukataa."

"Alinikataa mara ya kwanza! Orodha yake ilikuwa ndefu." Akaonja mchuzi. "Sasa unayemtaka ni nani? Si mkubwa, si mwenye jina. Unayemtaka."

Nikamwambia yote. Picha, peremende, simu, ahadi niliyoandika. La Tobias nilimficha, kwa sababu niliapa. Baba alizima jiko, akasikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Mwanangu, huyo mtu unamwogopa?"

"Namwogopa."

"Na huyo mama wa Lafayette?"

"Hapana."

"Basi hapo unaumiza kichwa kwa nini?"

"Kwa sababu nautaka moyo, Baba! Nisipoupata nitakuwa nimejinyima mwenyewe!"

"Na ukienda kwake ukanyimwa na yeye, utakuwa umefaidi nini?"

Nikafungua kompyuta pale pale mezani, kati ya bakuli la wali na chupa ya pilipili. Nikaishusha hospitali ya kaskazini. Nikaipandisha Lafayette. Nikaandika neno langu la siri, nikathibitisha. Kompyuta ikanijibu kwamba orodha yangu imepokelewa, na kwamba naweza kuibadilisha mpaka saa ya kufunga.

Baba akanipakulia sahani iliyofurika. Nilikula, nikalia kidogo, nikaongeza. Ilikuwa imekwisha. Nilifikiri imekwisha.

Simu yangu ikalia. Namba ya kaskazini.

"Usipokee," akasema Baba.

Nikapokea.

"Corinne," ikasema sauti ya chini, ile ya bakuli la peremende. "Natumaini sikukatishi chakula."

"Hapana, Dokta."

"Sitakuuliza kitu. Sheria unaijua, nami naijua. Nilitaka tu kukujulisha kwamba sisi tumeshamaliza orodha yetu, na neno lako nimeliheshimu. Nimeliheshimu sana. Ni mara chache nampandisha mtu hivyo."

Nikaitazama ile orodha kwenye skrini.

"Asante, Dokta."

"Nasikia njiani kwenda uwanja wa ndege mlikuwa na mazungumzo marefu."

Baba alikuwa ananitazama. Nikageukia ukutani.

"Tuliongea... habari za theluji."

"Theluji. Ndiyo."

Nilisikia peremende ikigonga meno yake.

Kwenye gari lile tulikuwa wawili tu. Ama Tobias amebanwa akasema, ama Tobias alitumwa tangu mwanzo, kiti cha mtoto na yote. Sikujua nimwonee huruma au nimwogope naye. Nikamuuliza Dokta, nusu nikitumaini atanicheka.

"Dokta Tobias hajambo?"

"Tobias," akasema taratibu. "Alikuwa hapa."

Nikashika ukingo wa meza.

"Haya, Corinne. Muda bado upo kidogo. Sikuulizi. Msalimie Alcide."

Simu ikakatika.

Kompyuta ilikuwa bado wazi. Kumbe nimeshakaa mbele yake, na majina mawili yapo pale, moja juu, moja chini, na kuyabadilisha ni kazi ya mguso mmoja. Mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Alikuwa yeye?" akauliza Baba.

"Yeye."

"Kakuuliza umemweka wa ngapi?"

"Hapana, Baba. Hajaniuliza kitu."

Baba alivua aproni taratibu, akaiweka mezani. Yale majivu usoni mwake yalikuwa yamefika mdomoni.

"Basi mbona unamjibu?"